Kisigino cha Binti Yangu na Ufagio wa Jirani

Kisigino cha mtoto anayekua hakibonyezwi kwa chini. Kinaminywa pembeni, huku na huku, kwa kidole gumba na kidole cha pili, kama unavyojaribu nyanya sokoni. Hilo nimelijua nikiwa tayari na watoto watano, na kabla sijalijua nilikuwa nimeshampoteza kuku mmoja na kukaribia kumpoteza jirani.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani. Nakumbuka mpaka jina la mbwa wa balozi wa nyumba kumi. Sitayaandika, maana wengine wako hai, na wengine wana wajukuu wanaojua kusoma. Mimi niliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha alasiri, sikujifunza ili nigombanishe watu.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, upande wa Mpanda unaoelekea Ugalla, miaka ile ya sabini watu walipokusanywa wakae pamoja. Mimi ni Mkonongo. Tulikotoka nyumba zilikaa mbalimbali, ukitaka kumsema jirani unamsema kwa sauti ya kawaida. Kijijini nyumba zikapangwa mstari mmoja, na kusema watu kukawa kazi ya kunong'ona.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa Msukuma. Alikuja na mume wake, ng'ombe, na binti wa umri mmoja na binti yangu wa pili, yaani miaka kumi kuelekea kumi na moja. Mume wangu alikuwa mtu wa mizinga, kwa hiyo asali ilitoka kwetu kwenda kwao na maziwa yalitoka kwao kuja kwetu. Kwenye kisomo tulikaa benchi moja na tulikuwa na penseli moja. Yeye anaandika mstari, ananipa, mimi naandika mstari. Mpaka leo nikiandika napumzika kila mstari unapoisha. Asubuhi alinisalimia kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka," nami nikamwitikia hivyo hivyo, "Mwangaluka," ingawa alisema natamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Mwaka wa pili tangu tuhamie, binti yangu akarefuka. Gauni la shule nililomshonea mwezi wa kwanza lilifika chini ya magoti. Karanga zilipong'olewa lilikuwa juu ya magoti, na balozi wetu wa nyumba kumi akaniuliza kwa upole kama kitambaa hakikutosha. Ndipo mvua zikakatika, ardhi ikakauka, na mtoto akaanza kuchechemea mguu wa kulia.

Nikachukua pini. Kwetu mtoto akichechemea ni funza, na hakuna mjadala. Nikamkalisha juani, nikatafuta kidole kwa kidole, nikatafuta kisigino chote, sikuona hata alama. Nikamwambia funza amejificha. Mume wangu akasema si funza, ni mwiba. Akakibonyeza kisigino kwa chini, hapa, na hapa, na hapa, mtoto anasema hakiumi. Mume wangu akasema basi mwiba umeingia ndani sana. Akachimba kidogo kwa ncha ya kisu, akatoa damu na hakuna kingine. Kwa siku mbili mtoto akachechemea kwa sababu mbili.

Shule yetu ilianza siku kwa mchakamchaka. Watoto walikimbia kwa mistari, pekupeku, kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka ghala la kijiji na kurudi, wakiimba. Binti yangu ndiye aliyeanzisha wimbo. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ingawa ng'ombe hatukuwa nao. Sasa akawa anaanza mbele, wakifika ghalani yuko katikati, wakirudi yuko nyuma ya wote, anatembea kwa vidole kama mtu anayevuka matope, na wimbo unatokea huko huko nyuma.

Mwalimu akaniita. Akasema amefanya uchunguzi. Mtoto huyu haumwi Jumamosi wala Jumapili. Likizo fupi iliyopita aliruka kamba wiki ya kwanza akalalamika, wiki ya pili akatulia, hakuumwa tena. Shule ilipofunguliwa, Jumatatu mchana akaumwa. Mwalimu akasema maradhi yanayojua siku za wiki yana jina moja, uvivu. Nikamwambia mwanangu anabeba ndoo ya maji kila siku bila kusemeshwa. Akasema maji ni ya nyumbani, mbio ni za taifa.

Sikumwamini mwalimu, lakini hilo la siku za wiki lilinikaa kichwani. Nikaenda nalo kwa mzee wa dawa.

Mzee huyu alikaa nusu siku ya kutembea kutoka kwetu, na watu walimheshimu. Nikampelekea kuku mweupe. Akaniuliza mguu unauma chini au pembeni, nikasema sijui. Akauliza unauma lini. Nikamweleza kama mwalimu alivyonieleza. Akamtazama kuku. Kisha akasema Jumapili mtoto hapiti njia ya shule, sivyo? Nikasema ndivyo. Basi kitu kiko njia ya shule. Kuna mtu anaokota unyayo wake.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu wa kwetu anajua udongo uliokanyagwa na mtu bado ni wa mtu huyo. Ukiuchota ukaufanyia mambo, mguu unaitika huko uliko. Nikauliza ni nani. Akasema ni wa karibu, upande wa kushoto. Jina hakutaja. Hawa hawataji. Hiyo kazi wanakuachia wewe.

Akanipa masharti. Kila asubuhi mtoto akitoka, nifagie nyayo zake zisiachwe hata moja. Mwezi ukiandama, Jumamosi itakayofuata, angekuja mwenyewe na wembe amchanje kisigino huku na huku, apake dawa. Nikamwambia mtoto anaogopa wembe. Akasema ndiyo maana ya wembe.

Basi nikaanza kufagia. Asubuhi binti anatoka na daftari lake, mimi nyuma na ufagio wa vijiti. Shida ni kwamba njia ya shule ni ya watoto wote. Huwezi kufagia unyayo wa mmoja ukauacha wa mwenzake, hasa wakikanyagana. Kwa hiyo nilifagia nyayo za kijiji kizima, kutoka mlangoni kwangu, mbele ya nyumba ya jirani, mpaka karibu na shule. Narudi nyumbani uji umepoa na mtoto mdogo analia.

Siku ya tatu nikamwona jirani yangu naye yuko njiani na ufagio.

Mimi nafagia na kutawanya. Yeye anafagia na kukusanya. Anazoa ule udongo kwenye ungo mkuukuu, anaubeba kwa mikono miwili kama unga, anaingia nao nyuma ya nyumba yake. Nilisimama pale na ufagio wangu. Mzee alisema kushoto, na huyu hapa kushoto, na huyu hapa na udongo.

Akanisalimia, "Mwangaluka." Nikamjibu, "Salama." Akanitazama, kisha akatazama ufagio wangu, akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo asali haikwenda na maziwa hayakuja. Kisomoni alihamia benchi la mbele, na penseli akabaki nayo yeye, kwa hiyo mimi nikasoma tu. Nilimkataza binti yangu kucheza na binti yake, yeye akamkataza wake. Watoto wakawa wanakutana shuleni, ambako hatukuwa na mamlaka. Mume wangu aliuliza mbona chai ni kavu. Nikasema ng'ombe wa jirani wamekauka. Akasema amewaona jana wakikamuliwa. Nikasema wamekauka upande wetu.

Njia ile, tukiifagia wawili, ilipendeza sana. Kwenye mkutano wa kijiji balozi alisimama akatutaja wote wawili kwa majina. Akasema kina mama hawa ni mfano, hawakutumwa na mtu, wanaamka alfajiri kulinda usafi wa barabara yetu. Watu wakatupigia makofi. Tulisimama, yeye upande ule na mimi upande huu, tukapokea.

Nilichokuwa nakiogopa nakisema wazi. Nilimwogopa mzee na wembe wake, kwa sababu binti yangu alishaanza kuhesabu siku. Kila jioni alitoka nje kutazama kama mwezi umeandama. Na niliogopa siku ile ikifika, mtoto akishakatwa na dawa ikishapakwa, maana yake nimekubali kwamba jirani yangu ni mchawi, na baada ya hapo mimi na yeye hatungekaa mstari mmoja wa nyumba. Mmoja angehama. Na kuhama tulikuwa tumeshahama.

Mwezi uliandama siku ya Jumatatu. Alhamisi ilikuwa kliniki ya watoto wachanga pale zahanati, na mimi nilikuwa na mtoto wa kupima uzito. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo moja tu, kwa hiyo mguu wa binti ulikuwa bado na maumivu ya jana yake. Nikaenda naye anibebee mkoba. Jirani naye alikuwa na wa kupima, na binti yake alikuja kumbebea. Benchi lilikuwa refu. Tukakaa mwisho na mwisho.

Daktari wa zahanati tulimwita daktari, ingawa mwenyewe kila mara alisema yeye si daktari, ni mganga msaidizi. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Ufipa, asiyecheka. Alimtundika mwanangu kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, na wakati anaandika akamtazama binti yangu aliyekuwa anavuka sakafu kwa vidole.

"Huyu anatembea hivyo tangu lini?"

Nikasema tangu karanga. Akamkalisha mezani. Mimi nikamwambia tumeshatafuta funza na mwiba, asisumbuke. Akakibonyeza kisigino kwa chini, kama mume wangu alivyofanya, na mtoto akatulia. Kisha akakishika pembeni, gumba huku na kidole kule, akaminya. Mtoto akaruka, na machozi yakamtoka kabla ya sauti.

"Jumapili anaumwa?"

Nikashtuka. Lilikuwa swali lile lile la mzee.

"Haumwi."

"Likizo?"

"Haumwi. Ni njia ya shule tu," nikasema, na nikamtazama jirani kule mwisho wa benchi ili asikie.

"Si njia, mama. Ni mbio."

Akaniuliza kama nimewahi kula kuku mchanga. Nikasema nimewahi. Akasema kwenye ncha ya mfupa wa kuku mchanga kuna kitu cheupe, laini, unakitafuna kinalia, na kwa kuku mzee huwezi kukitafuna kwa sababu kimeshakuwa mfupa. Kisigino cha mtoto wa umri huu kina kitu kama hicho, nyuma hapa. Mtoto akirefuka haraka, ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu unachelewa kurefuka, kwa hiyo unavuta pale palipo laini. Ukimkimbiza pekupeku kwenye ardhi kavu kila asubuhi, panavimba kwa ndani. Nje hutaona kitu. Akipumzika panatulia. Akikimbia panarudi.

Nikamwuliza mbona watoto wengine wanakimbia na hawaumwi. Akasema si wote wanaorefuka kwa pamoja. Nadhani aliona sikuamini, kwa sababu akageuka akamwita binti wa jirani.

"Na wewe njoo, nimwonyeshe mama kisigino kizima kilivyo."

Yule binti hakutaka kuja. Mama yake naye akasema mwacheni. Daktari akamshika mguu wa kushoto, akaminya pembeni, huku ananitazama mimi ili nijifunze. Mtoto akapiga yowe ambalo liliamsha wachanga wote waliokuwa wamelala.

Daktari akaangalia kisigino, akanitazama, akamtazama jirani. Akasema, "Huyu si mfano mzuri."

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu alikuwa amesimama.

"Wa kwangu tangu wiki ile ile," akasema. Alikuwa anamwambia daktari lakini sauti ilikuwa inakuja kwangu.

Daktari akachana karatasi mbili. Akaandika wasikimbie mchakamchaka wala kuruka kamba wiki sita, na wakianza tena waanze taratibu. Akasema wavae kitu chenye kisigino kilichoinuka kidogo, na jioni wasimame karibu na ukuta wanyooshe nyama ya nyuma ya mguu. Dawa hakutoa. Akasema inaweza kurudi mwaka huu na mwaka ujao, mpaka mfupa ukomae, na ikirudi tusiogope, tupumzishe tena. Lakini akasema, mtoto akiumwa usiku akiwa amelala, au kisigino kikavimba kwa nje, au akapata homa, huo ni ugonjwa mwingine, tumlete siku hiyo hiyo. Kisha akauliza kama kuna mtu amechimba hapa kwa kisu. Nikasema sijui.

Tulirudi kwa njia moja kwa sababu njia ilikuwa moja. Watoto walitangulia. Sisi tulitembea mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule, tumebeba wachanga. Tulipofika mwanzo wa kipande kile tulichokuwa tunakifagia, nikamwuliza:

"Ule udongo ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Chooni. Niliambiwa niutupe chooni, asipate mtu wa kuuokota."

"Mtu gani?"

Akatembea kidogo. "Wa kulia."

Nyumba yangu ndiyo ilikuwa kulia kwake.

"Mimi niliambiwa wa kushoto," nikasema.

Tukatembea tena. Kisha akauliza, "Ulipeleka kuku wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Mimi mwekundu."

Mzee alikuwa mmoja. Sisemi alikuwa mwongo. Swali aliloniuliza lilikuwa sawasawa na la daktari, na jibu nililowapa wote wawili lilikuwa moja. Ila daktari alishika mguu, na yeye alishika kuku.

"Ulidhani ni mimi?" akaniuliza tulipofika kwake.

"Nilidhani."

"Na mimi nilidhani ni wewe."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana," akasema. "Mimi bado nakusalimia. Wewe uliacha."

Nikamwita binti yangu, tukaingia kwetu.

Jumamosi mzee alikuja na mkoba wake. Binti yangu alipomwona alikwenda nyuma ya ghala, anakimbia, cheti cha daktari hakijakauka wino. Nikampa mzee kiti na uji. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yakatoka machache. Nikamwambia shikamoo babu, tumeambiwa ni mfupa unakua.

Akanywa uji. Akasema, "Na nani anaukuza?"

Hilo nilikuwa sijamwuliza daktari. Wembe ulikuwa kwenye karatasi yake, juu ya goti la mzee. Nilihisi nikikaa kimya kidogo tu nitamwita mtoto. Ndipo jirani yangu akaingia uani kwangu bila kupiga hodi, na maziwa kwenye kibuyu, akanisalimia kwa kwao kama siku zote, "Mwangaluka."

Nikamwitikia, "Mwangaluka."

Akanisahihisha matamshi. Kisha akampigia mzee goti la heshima, akakaa mkekani kando yangu, ubavu kwa ubavu. Mzee akamtazama wa kushoto, akamtazama wa kulia. Akamaliza uji. Akasema anakumbuka ana mgonjwa mwingine huko mbele na jua linapanda. Wembe akaurudisha mkobani. Habari za kuku hatukuuliza, tulijua walikoishia.

Mume wa jirani alikwenda Mpanda kuuza ngozi, akarudi na kipande cha tairi kutoka mtaa wa Majengo. Akakata makatambuga jozi mbili, na kwenye kisigino akapachika vipande viwili juu ya kimoja, ili painuke kama alivyosema daktari. Mabinti walionekana kama watu wanaoteremka mlima kila mahali. Mwalimu alisoma vyeti mara mbili, akavikunja, akasema serikali imesema. Lakini hakuwa na mtoto mwingine wa kuanzisha wimbo. Kwa hiyo kwa wiki sita binti yangu alisimama mlingotini na mwenzake, wakaimba kwa nguvu zote, na wenzao wakakimbia mpaka ghalani na kurudi wakiitikia kutoka mbali. Watu wa ghalani walisema siku hizo wimbo ulikuwa unafika nusu.

Haikupona moja kwa moja. Mwaka uliofuata ilirudi, mguu wa pili, na mimi ndiye niliyeminya, huku na huku, nikampeleka mwenyewe kwa mwalimu, bila pini na bila kisu. Alipofika kumi na tatu ilikwisha, na gauni likaacha kupanda.

Lakini nirudi nyuma kidogo: mkutano wa kijiji uliofuata zile wiki sita, balozi alisimama kwa huzuni. Akasema barabara ya shule imerudi kuwa chafu, nyayo kila mahali, nyingine za matairi, na wale kina mama wawili tuliowapigia makofi hawaonekani tena na mafagio. Akauliza, nyie mama, nani amewakatisha tamaa?

Jirani yangu alikuwa amekaa nami, penseli iko kwangu. Akasimama, akasema watoto wamepona.

Balozi akasubiri aendelee. Hakuendelea. Akakaa.